Akiba Yako Inamngoja Nani?



Wazee wetu walisema: akiba haiozi. Neno hili ni la hekima, nami sitaki kulibishia. Mtu asiyeweka kitu leo, kesho atakuwa mzigo kwa ndugu zake. Lakini hata neno la hekima, likitumiwa vibaya, laweza kuwa blanketi la kufunikia dhambi. Mimi mwenyewe nililitumia hivyo. Ndiyo sababu naandika.

Mwaka mmoja nilivuna maharagi mengi kuliko kawaida. Tukala, tukauza kidogo, yakabaki magunia matatu. Nikayaweka chumbani, nikafunga mlango kwa kufuli, nikangoja wakati wa kupanda, maana wakati ule bei hupanda kila mara. Siku moja akaja mama mjane, jirani yetu. Akaniambia: «Mwalimu, nikopeshe debe moja la mbegu. Nikivuna nitakurudishia.» Nikamjibu: «Mama, maharagi yale ni akiba. Unajua wazee walisema nini juu ya akiba.» Akacheka kidogo kwa adabu, akaenda zake. Majuma matatu baadaye niliuza magunia yote kwa bei karibu mara mbili.

Sikumwibia mtu. Sikusema uwongo. Mbona basi Dominika ile, tulipofika kuomba mkate wetu wa kila siku, neno lile «wetu» lilinikwama kooni?

Swali ndilo hili: akiba ni fadhila lini, na ni choyo lini? Wengine husema ni jambo la kiasi: kidogo ni akiba, kingi ni choyo. Jibu hilo halitoshi. Yozefu kule Misri aliweka nafaka ya miaka saba, nasi twamsifu. Mtu mwingine aweza kuficha kibaba kimoja cha chumvi na kutenda dhambi.

Chumba cha kugawa

Aliyenisaidia kufikiri ni padri mmoja mzee, Mwitalia. Nilipomweleza jambo langu hakunigombeza. Alinichukua hadi nyuma ya jiko, akafungua chumba kidogo cha vyakula, akaniuliza: «Chumba hiki mwakiitaje?» Nikajibu: «Depo, Padri.» Akasema: «Sisi kwetu twakiita *dispensa*. Wewe ulisoma Kilatini. Niambie maana yake.»

Nilisimama nikifikiri. *Dispensare* kwa Kilatini ni kupima na kugawa. Ninyi pia mwalijua neno hili, ingawa hamkusoma seminarini. Watu wawili wakitaka kuoana na kuna kizuizi, Eklezia yaweza kuwapa dispensa. Mgonjwa huenda dispensari kupewa dawa. Ruhusa, dawa na chakula: neno ni moja, nalo lahusu kitu kinachotolewa kwa kipimo kwa yule anayekihitaji.

Tazameni basi ajabu hii. Mwitalia hakukipa chumba chake jina kwa sababu ya vitu vinavyoingia. Alikipa jina kwa sababu ya vitu vinavyotoka.

Mtakatifu Tomaso wa Akwino, aliyezaliwa Roccasecca huko Italia karibu na mwaka 1225, alitumia neno hilohilo. Aliuliza kama ni halali mtu kuwa na mali yake mwenyewe. Akajibu ndiyo, ni halali, kwa kazi mbili: *procurare*, yaani kuitafuta na kuitunza, na *dispensare*, yaani kuigawa. Lakini katika kuitumia, asema, mtu aihesabu kama ya wote, awe tayari kuwashirikisha wenye shida. Mimi niliijua vema kazi ya kwanza. Ya pili nilikuwa nimeisahau nyuma ya kufuli.

Akiba ya msafiri

Siku zilizofuata padri alinipa maneno mengine ya Kiitalia yahusuyo kuweka vitu. Nayaandika hapa, maana kila neno lina fundisho lake.

La kwanza ni *provvista*, akiba ya nyumbani: unga, mafuta, kuni za wakati wa baridi. Latoka kwa *provvedere*, na mzizi wake wa Kilatini maana yake ni kuona mbele. Katika mzizi huo limetoka pia neno *Provvidenza*, jina la maongozi ya Mungu anayewaona viumbe wake kabla hawajamwomba. Basi mwenye kuweka akiba kwa haki anamwiga Mungu kidogo: aona njaa kabla haijafika. Lakini Mungu haoni mbele kwa ajili yake mwenyewe, kwani yeye hana njaa. Aona mbele kwa ajili yetu.

La pili ni *scorta*. Neno hili lina maana mbili. Scorta ni watu wanaomsindikiza mtu njiani ili asipatwe na hatari. Hata askari wanaomlinda hakimu huitwa hivyo. Tena scorta ni chakula au vitu vilivyowekwa kwa siku za haja. Akiba ni msindikizaji! Nayo maana hii yatupa kipimo. Anayekwenda safari ya siku mbili hachukui chakula cha miaka miwili. Akifanya hivyo, si chakula kinachomsindikiza yeye, bali yeye ndiye mchukuzi wa chakula.

La tatu ni *magazzino*, ghala. Hili lilitoka Uarabuni. Waarabu husema *makhazin*, mahali pa kuwekea vitu, na katika mzizi huohuo Kiswahili kilipata neno hazina. Wafaransa nao wakalitamka kwa namna yao, likafika kwetu Kongo: twaenda magazini kununua sabuni na sukari. Basi duka la mjini na hazina ya mfalme ni watoto wa ukoo mmoja. Neno lenyewe halina lawama wala sifa. Ghala ni kuta nne na mlango tu.

La nne ni *fossa*, shimo. Katika mji wa Cerignola, upande wa kusini wa Italia, kuna uwanja mkubwa wenye mamia ya mashimo ya kuwekea ngano. Kila shimo lilifunikwa kwa mbao na udongo, na kando yake likasimamishwa jiwe lenye namba na herufi za jina la mwenyewe. Mgeni akiyatazama kwa mbali aweza kudhani ni makaburi. Wala hatakosea sana katika lugha, maana kwa Kiitalia kaburi nalo huitwa fossa. Nikamkumbuka tajiri yule wa Evangelio aliyetaka kubomoa ghala zake ajenge kubwa zaidi. Usiku uleule alidaiwa roho yake. Alikuwa akipima shimo la ngano, kumbe shimo jingine lilikuwa tayari.

Neno lenye sumu

Padri aliliacha neno moja mpaka mwisho: *accaparrare*. Maana yake ni kununua na kujikusanyia vitu vyote mapema ili wengine wasivipate, au wavipate kwa bei yako.

Ndani yake limo neno *caparra*, malipo ya kwanza ambayo mnunuzi huyatoa ili kitu kisiuzwe kwa mwingine. Na ndani ya caparra limo neno la kale sana, *arra*, lililofika kwa Walatini kutoka kwa Wagriki, nao Wagriki walilipata kwa watu wa mashariki. Ndugu yake katika Kiswahili ni arabuni. Mwalijua neno hili, kwa maana Mtakatifu Paulo alilitumia katika barua zake kwa Wakorinto na Waefeso: Mungu ametupa Roho Mtakatifu mioyoni mwetu kuwa arabuni ya urithi wetu.

Fikirini vizuri. Arabuni ni ahadi. Mungu alitoa arabuni ili tuwe na hakika kwamba mlango utafunguliwa. Mwenye choyo hutoa arabuni ili mlango ufungwe. Kitendo ni kimoja: kuwahi, kutangulia, kuweka mkono juu ya kitu. Mungu hututangulia apate kutupa. Mwenye choyo hutangulia apate kutunyima.

Tena kuna jambo lililonitisha zaidi. Anayeweka chakula kwa ajili ya njaa huomba njaa isije. Ikikosa kuja, hushukuru, hula maharagi yake na wanawe. Lakini anayeweka chakula kwa ajili ya bei anahitaji njaa ije. Isipokuja, amepata hasara. Asubuhi husali pamoja nasi tupate mkate, na moyoni husali jirani aukose. Sala ya pili haisemi kwa mdomo. Aisema kwa kufuli.

Kitabu cha Methali kinatuambia kwamba watu humlaani anayezuia nafaka. Mtakatifu Ambrozi, askofu wa Milano kuanzia mwaka 374 hata alipokufa mwaka 397, aliwakemea wafanya biashara waliongoja bei ya nafaka ipande. Vilevile aliwakemea waliotaka kuwafukuza wageni mjini wakati wa njaa ili chakula kiwatoshe wenyeji. Akamsifu mkuu mmoja wa mji wa Roma aliyekataa kufanya hivyo. Mkuu huyo aliwaita matajiri, akawauliza: tukiwaacha hawa wakulima wafe, nani atatulimia? Wakachanga fedha, ngano ikanunuliwa, wenyeji wakala na wageni wakala.

Hasira na nguvu havikujaza ghala

Msomaji aweza kusema: «Basi tuwapige wenye magunia, tuvunje milango yao.» Ngoja kwanza. Waitalia walikwisha kujaribu.

Mwandishi wao mkubwa, Alessandro Manzoni (1785–1873), amesimulia katika *I promessi sposi* njaa ya Milano ya mwaka 1628. Mavuno yalikuwa yameharibika, na vita ilikuwa imekula mashamba. Lakini watu hawakutaka kuamini kwamba ngano ilikuwa haba kweli. Walisema: ipo, imefichwa. Mkuu mmoja wa serikali, Ferrer, akaagiza mkate uuzwe kwa bei ndogo isiyolingana na bei ya ngano. Watu wakafurahi, waoka mikate wakalia. Bei iliporudishwa juu, tarehe 11 Novemba, sikukuu ya Mtakatifu Martino, ghasia ikaanza. Nyumba ya kuokea mikate ikavunjwa. Unga ukamwagwa njiani, ukakanyagwa kwa miguu. Kijana Renzo, alipokuwa akiingia mjini akitoka shamba, aliona mistari myeupe chini, akainama, akakuta ni unga. Mji wenye njaa ulikuwa unatembea juu ya unga!

Halafu watu wakaenda kumtafuta mkubwa aliyesimamia vyakula vya mji, wapate kumwua. Cheo chake kilikuwa *vicario di provvisione*. Sikieni: ni ndugu wa neno lile la kuona mbele. Njaa iliyochanganyika na hasira ilikuwa haioni mbele wala nyuma.

Njia nyingine ni ya nguvu ya serikali. Mwaka 1936 utawala wa Mussolini uliamuru wakulima wapeleke ngano yao kwenye ghala za pamoja kwa bei iliyokatwa, wajibakizie ya chakula cha nyumbani na ya mbegu tu. Jambo hili liliitwa *ammasso*. Neno hilo latoka kwa *massa*, ambalo kwa Kilatini lilikuwa donge la unga uliokandwa. Vita ilipozidi, mkate ukagawiwa kwa karatasi: gramu 200 kwa mtu kwa siku kuanzia Oktoba 1941, tena gramu 150 kuanzia Machi 1942. Wakulima wengi walificha ngano, na walionunua kwa siri walilipa bei ya kutisha. Hata baada ya vita neno lilibaki na aibu yake: mtu anayekubali kila anachoambiwa bila kufikiri, Waitalia husema amepeleka ubongo wake kwenye ammasso.

Sisemi kwamba serikali haina kazi wakati wa njaa. Inayo, tena ni kubwa, na mwenye kuwaua watu kwa njaa lazima azuiwe. Nasema hivi: amri yaweza kufungua mlango wa ghala, haiwezi kufungua mkono wa mtu. Alichonyang'anywa leo, kesho atajifunza kukificha vizuri zaidi.

Mlima wa ngano

Je, hakuna njia njema? Ipo. Mwisho wa karne ya 15, katika nchi ya Umbria, wafuasi wa Mtakatifu Fransisko walihimiza jambo lililoitwa *monte frumentario*. *Monte* ni mlima: maana yake ni mlima wa ngano, lundo la watu wote.

Kazi yake ilikuwa hivi. Mkulima maskini, mavuno yakiwa mabaya, hula hata mbegu. Wakati wa kupanda ukifika hana kitu. Humwendea tajiri, naye humkopesha kwa riba kubwa, na mwaka wa pili mavuno yote huenda kulipa deni. Monte ilimkopesha mbegu. Alipovuna alirudisha na nyongeza kidogo. Alikopa kwa kipimo *raso*, yaani kilichosawazishwa juu kwa kijiti, akarudisha kwa kipimo *colmo*, yaani kilichojaa na kufanya kichuguu. Kichuguu kile kilifidia hasara na kuongeza mbegu za mkopaji mwingine. Hapakuwa na zaidi. Mambo hayo yakaenea. Kardinali Orsini, askofu mkuu wa Benevento tangu 1686, ambaye mwaka 1724 alikuwa Papa Benedikto XIII, aliyaeneza upande wa kusini. Katika kisiwa cha Sardegna watu walitoa siku za kazi bila mshahara kulima shamba la monte, ili lundo lisipungue.

Hawakuwa malaika. Mahali pengi waliowekwa kulinda lundo walijikopesha wenyewe na rafiki zao, na maskini wakarudi mikono mitupu. Akiba ya watu wote yahitaji hesabu inayosomwa mbele ya watu wote. Lakini tazameni tofauti: lundo hili halikungoja bei. Lilimngoja mtu. Lilikuwa na mwezi wake wa kutoka, nao ulikuwa mwezi uleule wa shida.

Roho hiyo haikufa Italia. Mtakatifu Giuseppe Moscati, daktari wa Napoli aliyekufa mwaka 1927 na kutangazwa mtakatifu mwaka 1987, husimuliwa kwamba aliweka chombo mahali wagonjwa waliposubiri: mwenye kitu atie, asiye na kitu achukue. Mwaka 2020 ugonjwa wa korona ulipowafungia Waitalia nyumbani, wengi walikimbilia madukani kununua unga, hamira na tambi kupita kiasi. Accaparrare ilikuwa imerudi. Lakini katika vichochoro vya Napoli watu wengine waliteremsha vikapu kwa kamba kutoka madirishani, wakaandika maneno ya namna ileile: anayeweza atie, asiyeweza achukue. Mji ni mmoja, hofu ni moja. Huyu alijaza kabati, yule aliteremsha kikapu.

Maswali matatu

Ndugu msomaji, huenda una magunia mia, huenda una kibaba. Jiulize mambo matatu mbele ya Mungu. La kwanza: akiba yangu ni ya safari gani? Kama hujui mwisho wa safari, hutajua kamwe kiasi kinachotosha. La pili: jirani akipata shida, mimi napata faida au napata kazi? La tatu: mlango wangu utafunguka lini, na nani atakayeingia? Kama jibu la tatu ni «bei itakapopanda», basi hiyo si dispensa. Ni fossa.

Nami sikuacha kuweka akiba. Mwaka uliofuata niliweka magunia mawili. Wakati wa kupanda ulipokaribia nilichukua debe moja, nikaenda kwa yule mama mjane. Nilimwomba msamaha. Hakusema kitu juu ya hilo, aliingiza mkono katika maharagi akayatazama kama hayana wadudu. Kisha akaniuliza: «Nitarudisha kiasi gani, Mwalimu?» Nikamweleza habari ya raso na colmo, kipimo kilichosawazishwa na kipimo chenye kichuguu. Akafikiri. Akasema: «Basi kichuguu kiende kwa mama Ana kule bondeni. Yeye naye mwaka jana alikosa mbegu.»

Mimi nilikuwa sijui kwamba walikuwa wawili.